Goti la Luciana

Basi la kutoka Arusha liliingia stendi ya Singida likiwa jekundu kwa vumbi, na kabla halijasimama sawasawa wachuuzi walikwisha kulizingira: wa mahindi ya kuchoma, wa mayai ya kuchemsha, wa asali ya Itigi kwenye chupa za bia. Abiria walishuka wakisukumana na kulaumiana. Wa mwisho kabisa alikuwa mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, amevaa gauni la kitenge cha maua ya njano, nywele zimesukwa mistari ya kulala nyuma. Mikononi alishika magongo mawili.

Utingo alimnyooshea mikono. "Njoo nikubebe, dada, watu wanasubiri gari."

"Beba mzigo wangu. Mimi nitajishusha mwenyewe."

Akajishusha kama alivyofundishwa: magongo kwanza, mguu mgonjwa, kisha mguu mzima. Jasho lilimtoka, lakini alipofika chini aliinua uso kama mtu aliyeshuka kwenye ndege.

Aliitwa Luciana. Kabla ya magongo alikuwa mchuuzi wa kuku wa kienyeji. Alizunguka minadani kwa baiskeli, tenga nyuma, akinunua tetea na majogoo wa kupeleka Dar es Salaam. Kisha siku moja alianguka kutoka juu ya lori la mnada, akaangukia nyonga. Jeraha likapona, maumivu yakabaki. Miaka ikapita anachechemea, mpaka madaktari wa Moshi walipompiga picha wakamwambia kwamba kichwa cha mfupa wa paja kilikuwa kinakufa, kwa kuwa damu haikifikii vizuri.

Sasa alikuwa anarudi nyumbani baada ya upasuaji, na shangazi yake, Yasinta, aliyepaswa kumpokea, hakuonekana.

Mbele ya kibanda kilichoandikwa SIMU, VOCHA, CHAJI palikuwa na benchi. Mwenye kibanda, kijana wa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama kama wembe, simu mbili zimening'inia mkandani, alikuwa akimtazama tangu aliposhuka.

"Karibu benchi, dada. Kusimama ni bure, lakini kunachosha."

"Asante, kaka. Siketi."

"Benchi langu lina kunguni?"

"Ni fupi."

Kijana alishika kiuno. "Lo! Nimeona waliokataa benchi kwa uchafu, nimeona waliokataa kwa kuogopa misumari. Wa kulikataa kwa ufupi ni wewe wa kwanza. Huko kwenu mnakalia mnara?"

Luciana alitaka kukasirika, akajikuta anacheka. "Sijivuni, kaka. Nimepasuliwa nyonga. Nikikaa pafupi, goti likapanda juu kuliko kiuno, nyonga inaweza kuchomoka."

Kijana aliingia ndani, akatoka na kreti mbili za soda, akazipandanisha, akakunja gunia juu yake na kulipapasa kama mama anayetandika kitanda. "Haya, malkia. Kiti chako kirefu."

Akaketi. Kreti zilimpokea sawasawa, magoti yakakaa chini ya kiuno kama inavyotakiwa.

"Wamekukata mfupa?"

"Hawakuukata. Wamekichonga kile kichwa cha mfupa, wakakivika kofia ya chuma. Upande wa pili wakaweka kikombe cha chuma ambamo kofia inazunguka."

"Kwa hiyo umevaa kofia kiunoni."

"Nyongani."

"Mimi naitwa Peniel," alisema kijana. "Nauza vocha, nachaji simu, na kuanzia leo napanga kreti."

Shangazi Yasinta alipotokea, amechelewa, anahema, alimkuta mpwa wake anacheka kwa sauti ambayo hakuwa ameisikia kwa miaka.

* * *

Simu zilianza jioni ile ile. Wakati huo dakika moja ilikuwa ghali, na wapendanao walikuwa wakibipiana: simu inalia mara moja, inakatwa, na moyo wa mtu unajua. Lakini Peniel alikuwa muuza vocha, hakubipu.

"Umefanya mazoezi?"

"Nimefanya."

"Muongo. Nasikia unatafuna."

"Natafuna huku nainua mguu."

"Inua tena, tetea wangu. Nataka nisikie chuma kikilia."

"Hakilii, jogoo wa vocha. Kingelia ningerudi Moshi."

Alasiri Peniel alifunga kibanda na kumfuata Utemini, kwa Shangazi Yasinta, watembee. Mwanzo ilikuwa mpaka kona ya mashine ya kukamua alizeti na kurudi, harufu ya mafuta mabichi ikiwafuata njia nzima. Baadaye ikawa mpaka ufukoni mwa ziwa Singidani, penye mawe makubwa na upepo wa chumvi. Magongo mawili yakawa moja, moja likawa fimbo. Heroe, wale ndege wa miguu mirefu, walisimama majini wekundu, kila mmoja kwa mguu mmoja.

"Watazame wenzako," Peniel alisema. "Mguu mmoja, na hakuna aliyewapa magongo."

"Wao hawana mtu wa kuwasumbua pembeni."

"Nikiondoka je?"

Luciana alikuwa mtu wa kuficha maneno yake, akiyatoa moja moja kama anayepunguza mtaji. "Ukiondoka nitatembea," alisema mwishowe. "Lakini sitapenda kutembea."

Siku aliyopanda baiskeli tena, Peniel alishika tandiko nyuma na kukimbia naye, shati lake jeupe limetoka nje ya suruali. Luciana alikanyaga pedali akingoja kisu cha zamani kiingie nyongani. Hakikuingia. Akakanyaga tena. Upepo ukalijaza gauni, barabara ikawa inapita chini yake, na alipogeuka kumwambia Peniel asimwachie, alimwona kasimama mbali, mikono kichwani, anacheka mpaka anainama.

Alirudi, akashuka polepole, akaegemea mti. Alikuwa analia.

"Imekuuma?"

"Haikuuma, Peniel. Haikuuma hata kidogo."

Ndipo Peniel alipomwambia kwamba anataka kumpeleka Kinampanda kwa mama yake. Baba alikwisha kufariki, yeye ndiye kifungua mimba, na bila neno la mama hakuna posa.

Luciana alifuta machozi kwa ncha ya khanga. "Nitakuja. Lakini kitu kimoja nakuomba. Nilipokuwa nachechemea, wageni wakija nyumbani, shangazi alikuwa ananiambia nikae mapema, wasinione nikitembea. Hakuwa na ubaya, alinionea huruma. Lakini mimi nilikaa pale kama kitu kilichofunikwa ungo. Sitaki tena. Mweleze mama yako kila kitu kabla sijafika. Akinikataa, anikatae akijua. Usinifiche, Peniel."

"Nitamwambia."

"Na ile ya kupiga goti. Mwambie bado nimekatazwa. Kuchutama, kupiga magoti, kigoda, vyote mpaka wanipime tena."

"Nitamwambia yote, mpenzi. Nina mdomo wa nini?"

Wiki ile Luciana alimuuliza kwenye simu mara mbili. Mara ya kwanza Peniel alijibu kwamba Kinampanda mtandao haushiki mpaka mtu apande kilimani. Mara ya pili alisema, "Nimeshamweleza. Lala, mpenzi."

* * *

Walifika Kinampanda Jumapili baada ya ibada. Luciana alivaa kitenge kipya cha samawati na kilemba chake, viatu vya kisigino kifupi. Fimbo aliiacha mjini kwa kuwa hakuihitaji tena. Alitembea uani akiwa wima kama mtu asiyewahi kuugua. Hilo ndilo lililomponza.

Alizeti zilikuwa zimeanikwa kwenye turubai. Mama Anastazia alisimama mlangoni, mwembamba, khanga mbili zilizofuliwa mpaka zikapauka, na nyuma yake mawifi na majirani waliokuja kumwona mchumba wa Peniel. Kwa watu wale mwanamke hamsalimii mama mkwe akiwa kasimama. Hupiga goti, akashusha macho, akangoja mkono wa mama umguse begani, ndipo ainuke. Luciana alilijua hilo. Hata kwao ni hivyo hivyo.

Aliinamisha kichwa kadiri alivyoweza. "Shikamoo, mama."

Macho ya mama yalishuka magotini mwake.

Mama hakuitikia. Alikuwa anangoja. Kuku mmoja alidonoa alizeti, hakuna aliyemfukuza. Wifi mmoja akaleta kigoda, akakiweka miguuni pa Luciana, kigoda kifupi cha kukalia jikoni. Luciana alikitazama, akabaki amesimama.

"Wa mjini hawakalii vigoda," mmoja wa majirani alisema.

"Wala goti hawana," akadakia mwingine, na mtu akacheka puani.

Luciana alimgeukia Peniel. Hapo ndipo mwanamume anaposema neno moja, mambo yakatengemaa. Peniel alikuwa anatazama viatu vyake. Kisha alisogea na kumnong'oneza, "Lusi, tafadhali. Piga tu kidogo. Mara moja."

Maneno yale yalimshuka Luciana taratibu, kama maji baridi mgongoni. Hakuna aliyeambiwa kitu hapa.

Angeweza kupiga goti. Alilifikiria jambo hilo kwa kweli, maana alimpenda. Aliona jinsi angeliteremka, wote wakapumua, nyonga ikatulia mahali pake au isitulie. Lakini mkono wake mwenyewe ulimkataza. Ulikwenda ukaishika nyonga pale penye kovu, kama mama anayeshika kichwa cha mtoto.

"Mama, naomba unisamehe," alisema, na sauti yake ndogo ilisikika ua mzima. "Sikukudharau. Nimepasuliwa nyonga, nimewekewa chuma. Madaktari wamenikataza kupiga magoti na kukaa chini kwa sasa. Wakiniruhusu, nitakupigia goti siku hiyo hiyo."

Mama Anastazia aliweka kiganja kifuani. Hakuonekana mwenye hasira. Alionekana mwenye kushtuka. "Chuma? Mwanangu, maskini!" Akamgeukia kijana wake. "Peniel! Uliniambia ni mzima wa afya. Kumbe ulijua hili ukanyamaza?"

Wote wakamtazama Peniel. Alipangusa jasho juu ya mdomo. Mwanamume yule aliyepanga kreti stendi mbele ya umati bila kuona haya, aliyekimbia nyuma ya baiskeli shati nje, alimtazama mama yake akawa mtoto.

"Hapana, mama," alisema. "Hata mimi ndiyo kwanza nasikia."

Jirani mmoja aliguna. Kuku akaendelea kudonoa.

Mama alimgeukia Luciana, na huruma iliyokuwa usoni ikaondoka kama taa inavyozimwa. "Ugonjwa si aibu, binti. Ungesema, ningekutafutia kiti kirefu, ningekuja mimi kukushika mkono pale njiani. Aibu ni kumficha mwenzako. Umemficha mwanangu."

Luciana alifungua mdomo. Neno moja tu lingemgeuza Peniel kuwa mwongo mbele ya mama yake, mbele ya mawifi na majirani, kwao alikozaliwa. Alimpa nafasi alitamke yeye mwenyewe. Alimngoja. Peniel hakuinua macho.

"Nimesikia, mama," Luciana alisema, akageuka, akatembea mpaka barabarani, wima, polepole, mguu baada ya mguu.

* * *

Ndani ya pikapu ya kurudi mjini Peniel alizungumza njia nzima. Alieleza kwamba aliogopa. Mama alikuwa akitamani mkwe wa kulima naye alizeti, wa kuchota maji. Alipanga kumwambia mama akishamzoea Luciana. "Neno lilinitoka tu, Lusi. Lilinitoka."

Luciana alitazama nje. Waliposhuka alisema, "Usinipigie."

Alipiga. Alipiga asubuhi, alipiga mchana, na yeye aliyejitapa kwamba habipu sasa akawa anabipu, simu inalia mara moja na kukatika, mara moja na kukatika, mpaka Shangazi Yasinta akasema, "Pokea au itupe kisimani, tupumzike."

Siku moja alipokea.

"Nimekukosa," Peniel alisema.

"Na mimi."

"Basi nisamehe."

"Mama yako anajua sasa?"

Simu ilijaa upepo. "Nitamwambia," alisema. Luciana akakata.

Alirudi Moshi kupimwa. Daktari aliuzungusha mguu, akaukunja, akatazama picha, kisha akamwambia achutame. Luciana alichutama, moyo ukimdunda, akiwa ameshika meza. "Piga magoti." Akapiga. "Inuka." Akainuka, bila meza. "Nenda kafanye kazi zako," daktari alisema. "Malori uache."

Alirudi minadani. Miezi ikapita. Mwili ukarudiwa na ujuzi wake: kukadiria uzito wa kuku kwa mkono mmoja, kuchutama kwenye vumbi na kufunga miguu ya jogoo kwa kamba ya katani, kuinua tenga. Usiku alilala fofofo kwa uchovu mtamu aliokuwa ameusahau. Watu wakaacha kumwita yule mwenye magongo. Alipokuwa peke yake barabarani alimkumbuka Peniel, akakanyaga pedali kwa nguvu zaidi.

Peniel alimfuata huko huko, mnadani, kijiji kimoja jirani na Mgori. Alikuja na shati lake jeupe, limeliwa na vumbi. Alimkuta Luciana amepiga goti chini, anamfunga jogoo miguu, huku anabishana na mzee mmoja.

"Mzee wangu, jogoo huyu ametembea kuliko mimi. Nyama yake ni ngumu, utaipika kwa jenereta."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Luciana akainua macho, akamwona Peniel. Mikono ikasimama.

Peniel alikuwa anatazama lile goti, na uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyeokota kilichopotea. "Unaweza! Lusi, unaweza!"

"Naweza."

"Basi yamekwisha, mpenzi wangu. Yamekwisha kabisa!" Alichutama mbele yake, katikati ya manyoya na vumbi. "Mama amelainika. Amesema hana kinyongo. Sijalala vizuri tangu siku ile, kibanda kimenishinda, chakula kimenishinda. Nataka kukuoa. Niambie ndiyo, hapa hapa, kuku wote wawe mashahidi."

Luciana alimtazama. Alikuwa amekonda. Shingo ilipwaya kwenye ukosi wa shati. Alitamani kumfuta vumbi kwenye nyusi, na mkono uliinuka kidogo, ukarudi kwa jogoo.

"Mama yako anataka nini?"

"Hataki kitu. Twende Jumapili. Umpigie goti, umwombe radhi, tuanze upya."

"Radhi ya nini?"

"Ya ile... ya kunificha."

Makelele ya mnada yaliendelea. Mtu alinadi ng'ombe, mtu alinadi sufuria. Luciana aliinuka, naye Peniel akainuka.

"Kwa hiyo hujamwambia."

"Lusi, yamepita hayo. Mama ni mzee. Nikimwambia leo kwamba nilimdanganya, mbele ya watu wote wale, ataniona mtu gani? Ni maneno tu. Wewe ni mpole, unajua kusema. Sema tu 'nisamehe mama', dakika moja, halafu tuna maisha yetu yote."

"Maisha yetu yote mimi nikiwa ndiye niliyekuficha."

"Hakuna atakayekumbuka."

"Mimi nitakumbuka, Peniel. Kila nikimpigia goti mama yako nitakumbuka." Alimbana jogoo kwapani. "Siku ile nisingeweza kupiga goti, nawe ulijua, ukaniambia nipige. Leo naweza. Mama yako ningempigia goti kwa heshima yake, mara kumi. Ila hili unaloniomba si lake. Ni lako, unataka nilibebe mimi."

"Nakupenda."

"Najua. Mwambie mama yako ukweli. Mwambie leo, mpigie simu sasa hivi, mimi nasimama hapa nangoja."

Simu zilikuwa mkandani, zote mbili. Peniel aliishika moja. Aliitazama. Kidole gumba kilipita juu ya vitufe bila kubonyeza. Luciana alimngoja kama alivyomngoja Kinampanda, na alijishangaa jinsi alivyokuwa bado anaomba kimoyomoyo, bonyeza, bonyeza, bonyeza.

Peniel alirudisha simu mkandani.

"Siwezi," alisema kwa sauti ya chini. "Chochote kingine, Lusi. Hicho siwezi."

"Basi nenda salama."

Alitaka kumshika mkono, Luciana akaukwepesha. Aliondoka akipita kati ya mbuzi na watu, na shati jeupe lilionekana kwa muda mrefu.

"Binti," mzee wa jogoo alisema taratibu, "tumalize biashara au nirudi baadaye?"

"Tumalize, mzee wangu."

Jua lilipoanza kupungua alifunga tenga kwenye baiskeli na kushika njia ya Mgori, kulikokuwa na gari la kupakia kuku. Njia ni moja tu. Baada ya bonde la kwanza alimwona Peniel mbele, anatembea peke yake pembeni, viatu mkononi. Luciana hakupunguza mwendo, wala hakuongeza. Alipomkaribia alipiga kengele, kama mtu anavyompigia yeyote aliyeko njiani, na Peniel akasogea kumpisha, akainua mkono nusu.

Akapita. Mbele palikuwa na mlima, mrefu, wenye mchanga, ambao zamani aliupanda kwa kusukuma baiskeli, meno yameuma midomo. Alisimama juu ya pedali na kuupanda wote, kuku wakilia nyuma yake. Nyonga haikuuma hata kidogo. Alipofika kileleni machozi yalikuwa yanamfika shingoni, na hakuwa na maumivu ya kuyasingizia.